Magunia Yasiyo na Chaki

Shangazi yangu alikuwa akirudi kutoka kazini katika jua la kulainisha lami huku amevaa sweta zito la sufu. Akifika kona ya mtaa ndipo alipokumbuka kulivua, akawa anatembea mkono mmoja ndani, mwingine nje. Watoto walicheka, wakubwa wakamuuliza kama ana homa, na mwishowe jina likamganda: Sweta. Aliliitikia bila kinyongo. Chumba alichofanyia kazi katika kampuni ya simu kilikuwa baridi kama jokofu, kwa ajili ya mitambo na si kwa ajili ya watu, na mtu akikaa humo kutwa nzima husahau kwamba nje kuna jua.

Ndani ya chumba hicho kulikuwa na swichi, yaani makabati ya chuma marefu kumpita yeye, yenye taa ndogo za kijani zilizokonyeza bila kupumzika. Kupitia makabati hayo ofisi za mji wetu ziliongea na matawi yao ya mji wa pili: benki, hospitali, ofisi ya maji, kituo cha redio. Huduma hiyo iliitwa fremu rilei. Data ya kila mteja ilikatwa vipande, kila kipande kikavishwa anwani na kuitwa fremu, kisha fremu za wateja wote zikasafiri katika njia kuu moja. Siku hizi mitandao mingine imechukua nafasi yake, lakini enzi hizo ndiyo ilikuwa habari ya mjini, na shangazi ndiye aliyeishikilia. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwake na kwa babu, kila mmoja kwa upande wake. Walipopishana, nimemwamini aliyekuwa karibu zaidi na jambo.

Babu, baba yake shangazi, alikuwa msimamizi wa upakiaji katika yadi ya malori mpaka magoti yalipogoma. Baada ya hapo alibaki na vitu viwili, kiti chake cha kamba na redio yake, na katika redio hakutaka kingine ila mpira. Kazi ya binti yake hakuielewa, na hakuficha.

"Gunia nalijua," alikuwa akisema. "Linapandishwa, linashushwa, mgongo unauma. Wewe unapakia nini? Hewa. Unamuuzia mtu hewa, halafu unavaa sweta."

"Hewa yenyewe ndiyo iliyokulipia miwani, baba."

"Basi ndiyo maana sioni vizuri."

Walitaniana hivyo kila siku, na utani ulikuwa mtamu mpaka siku ya nusu fainali.

Siku hiyo timu ya mji wetu ilicheza na timu ya mkoa mwingine katika uwanja wa mji wa pili. Redio ilikuwa imeanza kuleta matangazo ya mpira kwa njia ya mtandao wa shangazi badala ya laini ya simu iliyokwaruza. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Dakika za mwisho, mtangazaji akipaza sauti kwa pumzi zote, maneno yakaanza kukatika kama mtu anayeongea huku akitafuna: "Anamp... anageuka... mlinzi amete... goooo..." Kisha kimya. Sauti iliporudi, watu walikuwa wanashangilia na mtangazaji ameshahamia habari nyingine. Babu alishinda na redio sikioni mpaka betri ikalegea bila kujua nani amefunga. Alijua kesho yake, kwa kinyozi, kwa kuchekwa, kwamba timu yetu ndiyo iliyofunga na kuingia fainali.

Shangazi aliporudi jioni hiyo alimkuta amekaa wima.

"Kampuni yenu imemeza goli langu," alisema.

Hapakuwa na utani katika sauti yake. Shangazi anasema maneno hayo yalimchoma kuliko kama angetukanwa, kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa zamu.

Fundi mkuu wa redio, kijana mchangamfu aliyependa vifaa vipya, aliamini kosa lilikuwa la mashine yake ya kugeuza sauti kuwa data. Akaibadilisha. Akaijaribu Jumapili asubuhi, sauti ikapita safi kama maji ya chupa. Akampigia shangazi kwa furaha.

"Dada Sweta, kwisha kazi! Fainali tunaingia tukiwa kamili."

"Umejaribu lini?"

"Jumapili. Hakuna hata neno lililokatika."

"Na Jumapili asubuhi, kaka, nani mwingine alikuwa njiani?"

Shangazi akafungua takwimu za laini ya redio katika kompyuta yake, naye akaona alichokishuku. Kila mteja wa mtandao ule alikuwa na kasi ya uhakika, yaani kiasi cha data ambacho kampuni imeahidi kukipitisha kila sekunde, pawe na msongamano au pasiwe nao. Redio ilikuwa imechukua kilobiti thelathini na mbili. Sauti ya mtangazaji ilihitaji karibu sitini. Kiasi kilichozidi hakikukatazwa kupita. Swichi ilikipokea, ila ikakitia alama kwamba kinaweza kutupwa. Njia kuu ikiwa tupu, chote hufika, na mteja hudhani hiyo ndiyo kasi aliyoinunua. Njia ikijaa, fremu zenye alama ndizo hutupwa kwanza. Jumapili ile, karibu nusu ya sauti safi ya fundi mkuu ilikuwa na alama.

Na fainali ilipangwa kuchezwa katika uwanja uleule wa mji wa pili, mchana wa siku ya mwisho ya mwezi, wakati kila ofisi inatuma taarifa zake makao makuu.

Jioni alimweleza babu, maana aliona mzee anamdai maelezo. Alianza vibaya. Alisema "kasi ya uhakika" na "kasi ya ziada", babu akakunja uso.

"Kwa hiyo mnamuuzia mtu kumi, mnampa ishirini, halafu siku ya siku mnamnyang'anya kumi? Huo si wizi?"

"Hatumnyang'anyi, baba. Ile kumi ni yake. Ile nyingine anaipata kama ipo."

"Ngoja." Babu akainua kidole. "Huyo mteja ana nafasi yake kwenye lori?"

"Anayo."

"Akija asije, ni yake?"

"Ni yake. Ila asipokuja, mwingine anaitumia safari hiyo."

"Na akileta mzigo zaidi ya nafasi?"

"Tunaupokea kama pana nafasi. Lakini tunautia alama."

Babu akapiga goti lake bovu, akasahau kwamba linauma, akaguna, akacheka. "Chaki!" alisema. "Wewe binti, hiyo ni chaki!"

Ndipo shangazi aliposikia jambo ambalo kwa miaka yote hakuwahi kuambiwa. Pale yadini wateja wa kudumu walikuwa na nafasi zao katika lori. Mwenye duka la mbegu, kwa mfano, alikuwa na nafasi ya magunia kumi. Akileta kumi na matano na lori lina nafasi, babu aliyapakia yote, lakini yale matano ya ziada aliyachora alama ya mkasi kwa chaki nyeupe. Wenye nafasi zao wakija wote na lori likajaa, hakukuwa na mabishano. Wapakiaji walitafuta chaki, wakashusha.

"Na yasiyo na chaki?" shangazi aliuliza.

"Hayo hayashuki hata mwenye lori aje na bunduki."

"Na ukiahidi nafasi nyingi kuliko lori lenyewe?"

"Hiyo si kazi tena. Huo ni utapeli wenye mizani." Babu akafikiri. "Lakini gunia nikilishusha, mwenye gunia hulileta tena kesho. Hiyo sauti yenu je?"

"Barua pepe ikitupwa, kompyuta iliyoituma huituma tena, na mtu wala hajui. Sauti haina kesho, baba. Neno likichelewa, mpira umeshasonga."

"Basi goli langu lilikuwa na chaki."

"Lilikuwa na chaki."

Babu akaitazama redio yake kama mtu aliyeonyeshwa ugonjwa wa mwanawe. "Fainali?"

"Fainali kila neno litafika."

"Usiniahidi usichopakia, mwanangu."

"Nitapakia kwanza, ndipo nikuahidi tena," alisema.

Asubuhi alikwenda kwa meneja wake. Meneja alikuwa mtu mwema mwenye simu tatu mezani na shati lisilokosa jasho hata katika chumba cha baridi. Redio ilikuwa tayari kuongezewa kasi, na yeye hakuona tatizo liko wapi.

"Sweta, iandikie sitini na nne, tumalize. Amri ni ya mstari mmoja."

"Bosi, njia kuu imeshajaa ahadi. Nikiongeza hii, jumla ya ahadi zetu inazidi njia yenyewe."

"Ahadi si mzigo, dada yangu. Wateja hawajawahi kuja wote kwa pamoja. Kampuni ngapi zinafanya hivyo na watu wanalala usingizi?"

"Kweli kabisa, siku za kawaida. Siku ya mwisho wa mwezi watakuja wote. Hapo hata ukitupa kila chenye alama, njia haitatosha. Utaanza kutupa visivyo na alama, na swichi haimjui mgonjwa wala mchezaji. Majibu ya maabara ya hospitali yanapita humo humo."

Meneja akajikuna shingo. Shangazi anamsifu kwa hilo mpaka leo, kwamba alipoelewa, hakujifanya hajaelewa.

"Nafasi utaitoa wapi?"

"Kwa mtu asiyeihitaji mchana huo. Nitamwomba."

"Utamwomba mteja akurudishie alichokinunua?"

"Aniazime. Mchana mmoja."

"Nenda," meneja alisema huku simu mbili zikilia. "Ukifukuzwa, sikukutuma mimi."

Iliyoonekana kufaa ni ofisi ya maji. Tawi lake la mji wa pili lilituma usomaji wa mita asubuhi, na baada ya hapo laini yake, yenye kilobiti thelathini na mbili za uhakika, ilikaa karibu kimya. Mkuu wa ofisi hiyo alikuwa mama wa makamo aliyejulikana mji mzima kama Mama Maji. Ofisi yake ilikuwa na mita za zamani dirishani, koki za shaba zilizopangwa kama vikombe vya ushindi, na juu ya feni utepe wa rangi mbili. Shangazi alipoutambua utepe, moyo ulimshuka. Zilikuwa rangi za timu ya mji wa pili, wapinzani wetu wa fainali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Sweta. Kulikoni? Leo huna sweta, mwili unakutosha?"

Shangazi akaeleza shida yake. Mama Maji alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Nimekuelewa. Nikupe njia yangu, ili yule mtangazaji wenu aje kushangilia masikioni mwangu?"

"Mama, wenu wakifunga goli, nalo atalitangaza."

"Kwa sauti ya msiba. Namjua yule." Akavaa miwani. "Na mita zangu?"

"Mita zitakuwa zimeshapita. Kikibaki cha kutuma, kitume tu, hakikatazwi. Ila mchana huo chote kitakuwa na chaki."

"Chaki?"

Ikabidi amsimulie habari za yadi, magunia na alama ya mkasi. Mama Maji alicheka mpaka koki zikatikisika. Kumbe alimkumbuka babu. Baba yake mwenyewe alikuwa akisafirisha vitunguu.

"Yule mzee wa chaki! Alimshushia baba yangu magunia hadharani, baba akanuna wiki nzima. Lakini yale ya nafasi yake hayakuguswa hata siku moja." Akaondoa tabasamu. "Sikia. Chukua. Nitakuandikia ruhusa sasa hivi. Lakini timu yangu ikifunga, goli lifike zima. Likikatika, nakata maji ya nyumba yenu."

"Utamkatia baba yangu, mama, naye ni shabiki wa timu ya hapa."

"Ndiyo maana nitakata kwa furaha."

Siku ya fainali shangazi aliandika amri mbili badala ya moja. Kasi ya uhakika ya ofisi ya maji aliishusha hadi sifuri, na ya redio akaipandisha hadi sitini na nne. Jumla ya ahadi ikabaki ile ile, ndani ya njia kuu. Kabla hajatoka nyumbani alikuwa amesimama mbele ya kiti cha kamba.

"Nimeshapakia, baba," alisema. "Sasa nakuahidi."

Mchezo hakuusikia. Redio haikushika ndani ya chumba kile chenye chuma kila upande, na hakuthubutu kutoka. Alikaa mbele ya kompyuta huku amejifunga sweta mpaka kidevuni, akitazama safu mbili za tarakimu, ya fremu zilizotiwa alama na ya fremu zilizotupwa. Mchana ulipochanganya, njia kuu ilijaa kama alivyotabiri. Fremu za ziada za benki zikaanza kutupwa, zikatupwa na za bima, zikatupwa na za ofisi ya maji. Kwenye mstari wa redio kulikuwa na sifuri na sifuri. Kila mara skrini ilipojiandika upya, alizisoma sifuri zile kama mtu anavyosoma matokeo ya mtihani.

Nje ya mlango alimsikia meneja kwenye simu: "Ndiyo, ndugu mkurugenzi, ni polepole. Kasi tuliyokuahidi unaipata yote, naiona hapa. Ile ya ziada ndiyo iliyokwisha leo... Hapana, haiuzwi leo hata kwa dhahabu." Sauti yake ilikuwa na madaha ambayo shangazi hakuwahi kuyasikia.

Kisha, kipindi cha pili kikiwa kimekolea, sifuri moja ikageuka. Kwenye mstari wa redio alama zikaanza kuhesabika, makumi, mamia. Fremu ya kwanza ikatupwa. Kasi haikuwa imebadilika, hivyo kilichobadilika ni mzigo. Akanyakua simu, akampigia fundi mkuu aliyekuwa uwanjani.

"Kaka, nani anatuma kitu huko?"

"Hakuna! Ni sauti tu."

"Sauti haijanenepa ghafla. Angalia waya zako!"

Alisikia viatu vikikimbia, kisha sauti ya mbali: "Wewe! Unafanya nini na kompyuta hiyo?" Mwandishi wa habari, mtu mwenye bidii zake, alikuwa amekuta tundu moja liko wazi nyuma ya kifaa cha redio, akachomeka kompyuta yake na kuanza kutuma picha za kipindi cha kwanza chumba cha habari. Picha zilikuwa zinapita mlango uleule na sauti. Swichi nayo haikujua ipi ni picha na ipi ni mtangazaji. Ilipitisha kiasi kilichoahidiwa, na kilichozidi ikakipaka chaki, hata kikiwa katikati ya neno.

"Chomoa!"

"Dada, anasema imebaki picha moja..."

"Chomoa waya, kaka! Picha itafika kesho na itakuwa nzuri vilevile!"

Waya ukachomolewa. Alama zikasimama. Shangazi alibaki na simu mkononi, akiutazama mstari mmoja wa tarakimu mpaka sifuri zikarudi, na hakuondoa macho tena hadi laini ilipozimwa upande wa pili na fundi mkuu akapiga kusema, huku makelele yakimfunika, kwamba wamemaliza.

"Imekuwaje?" shangazi aliuliza.

"Sauti? Safi!"

Simu ikakatika kabla hajamuuliza matokeo ya mchezo.

Kwa hiyo alifika nyumbani bila kujua. Babu alikuwa kwenye kiti cha kamba, redio mapajani, imezimwa. Uso wake haukusema kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Neno moja lilikatika."

Shangazi akashika ukingo wa mlango. "Neno gani?"

"Kona. Alisema 'ko', likaishia hapo. Nilijua ni kona. Hata mtoto angejua."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilisikia kila kitu. Nilisikia mlinzi wetu akiteleza. Nilisikia yule mwenye mguu wa kushoto akivuta. Nilisikia goli, lote, kuanzia mguu wake mpaka wavu, nikasikia na jina la aliyefunga mara tatu." Akavuta pumzi. "Tumefungwa, mwanangu. Moja bila."

Shangazi hakujua acheke au ampe pole. Babu akamwokoa.

"Mitambo yote ile, sweta lote hilo, ukashindwa kulitia chaki goli la wale?"

"Lilikuwa ndani ya nafasi yake, baba."

"Najua." Mzee akainyoosha redio mapajani, akaipapasa juu kama anavyopapaswa mtoto aliyefanya vizuri. "Najua. Lisilo na chaki halishuki."

Maji ya nyumba yetu hayakukatwa. Mama Maji alipiga simu jioni ileile, kwanza kusimanga kwa muda mrefu, kisha kushukuru kwa kifupi. Asubuhi yake shangazi alimrudishia kasi yake yote, na redio ikaandika mkataba mpya kwa kasi inayoitosha, baada ya kampuni kupanua njia kuu. Shangazi aliendelea na kazi ile mpaka makabati yale yalipozimwa, na katika muda wake wote hakuahidi kilichozidi njia.

Lakini mimi nampenda zaidi babu katika asubuhi ile. Alijikongoja na fimbo yake mpaka kwa kinyozi, mahali walipomcheka baada ya nusu fainali. Watu walikuwa wamenuna, kila mtu akimlaumu kipa. Babu akakaa katikati yao, akasubiri pakawa kimya.

"Lile goli la jana," alisema, "mnajua nani alilileta hapa mjini?"

"Nani tena, mzee?"

"Binti yangu."

Kinyozi akashusha mashine. "Kumbe ni nyinyi mliotufungisha!"

Wakaangua kicheko, mmoja akamtupia taulo. Babu hakutikisika. Alisimamisha fimbo yake katikati ya magoti, akainua kidevu.

"Mlisikia limekatika popote?" aliuliza. "Semeni. Si lilifika zima?"